Kisanduku cha Shangazi Bisibisi

Kuna watu ukiwaambia watoe kila kilichomo mifukoni, utaona funguo, leso na karatasi iliyokunjwa, basi. Shangazi Bisibisi ukimwambia hivyo, rudi nyuma hatua mbili usije ukachomwa mguu. Koti lake la kijivu la kazi lina mifuko minne, na kila mfuko ni duka: bisibisi tatu, ya mwisho nyembamba kama sindano ya kushonea, mkanda mweusi wa kufungia waya, koleo, kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ingawa kucha zake hazijawahi kuonja rangi, na flashi, vile vijiti vya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Flashi juu ya flashi, utadhani alipita chini ya mti wa flashi mtu akautikisa.

Yeye ni mtunza maabara ya elektroniki katika chuo cha ufundi. Si mwalimu, na hilo hulisema mapema kabla hujamuuliza. "Mimi natunza tu." Lakini kitu kikigoma darasani, Mwalimu hatazami kitabu. Hutazama mlango, aone kama anakuja.

Ushangazi wake una historia. Binti wa kaka yake huitwa Kimulimuli, kwa sababu tangu utotoni akiona taa inawaka na kuzima hasikii la mtu. Siku ya kwanza alipojiunga na chuo, alipita kwenye korido akipiga kelele, "Shangazi! Shangazi! Miwani yako umeiacha juu ya friji!" Kufika saa sita mchana, chuo kizima kilikuwa kimepata shangazi. Hata mlinzi wa getini, mvi kichwa kizima, siku hizi humwamkia, "Shikamoo, Shangazi," naye hujibu bila kucheka, "Marahaba, mwanangu. Soma kwa bidii."

Ubisibisi nao aliurithi. Baba yake alikuwa fundi wa vyerehani, akitembea nyumba hadi nyumba na kisanduku cha mbao begani. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kila kitu: sindano, mafuta, mikanda, hata kipande cha kitambaa cha kujaribia mshono. Mwenye nyumba akimwambia, "Ngoja nikuletee bisibisi," mzee alikuwa anakasirika kabisa. "Fundi anayeazima vyombo kwa mwenye nyumba si fundi," alikuwa akisema, "ni mgeni aliyekuja kunywa chai." Shangazi alikua akilisikia hilo kila jioni. Hakujua kwamba siku moja lingemfaa mahali ambapo hakuna cherehani hata moja.

Maana pale maabara palikuwa na ugonjwa.

Somo lenyewe ni tamu. Unapewa bodi ndogo inayoenea kiganjani, katikati ina chipu nyeusi. Chipu hiyo ndiyo mikrokontrola. Hebu fikiria kompyuta isiyo na kioo wala kibodi, inayofanya kazi moja tu, ile utakayoiagiza: fungua mlango, washa pampu, hesabu magari yanayopita. Unaandika maagizo kwenye kompyuta kubwa, unayatuma kwa kebo, chipu inatii. Na mwanafunzi huanza na agizo dogo kuliko yote: washa kitaa kilichoko kwenye bodi, zima, washa tena. Ukikiona kile kitaa kinakukonyeza kwa amri yako mwenyewe, hulali.

Lakini kompyuta kubwa nayo inahitaji programu zake za kuandikia na kutumia maagizo hayo. Na kompyuta zote ishirini na nne za maabara zilikuwa chini ya Bwana Nywila. Huyu ni afisa wa kompyuta wa chuo, mtu mpole, ila nywila zake huzilinda kama kuku anavyolinda vifaranga. Alikuwa amezipanga mashine hivi: kila asubuhi zinaamka zimesahau chochote kilichowekwa jana. "Usafi," alikuwa akisema. Basi kila kipindi wanafunzi walianza upya, wakizivuta programu kutoka kwenye mtandao unaotembea kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha. Kipindi ni dakika themanini. Sabini na tano wanasubiri. Tano zilizobaki, wanafunga mabegi. Kwa wiki nne walikuwa wakitwanga maji kwenye kinu.

Wiki ya nne Mkuu wa chuo akaingia, miwani juu ya paji la uso, akakuta darasa zima limeshika tama.

"Nimeambiwa hapa panawashwa vitaa," alisema. "Kitaa kiko wapi?"

"Kiko asilimia sitini na mbili, Mkuu," alijibu Kimulimuli, kidole kikiwa kwenye kioo.

Darasa lilicheka. Mkuu hakucheka. Alisema atarudi Alhamisi ya wiki mbili zijazo, saa nne asubuhi, na kwamba anataka kuona kila mwanafunzi amewasha kitaa ndani ya kipindi kimoja. La sivyo chumba kitapewa darasa la uchapaji. "Wale nikipita dirishani angalau nasikia sauti ya kazi." Kisha akamgeukia Shangazi, kwa upole, na huo upole ndio uliouma. "Na wewe, Shangazi, stoo bado wanakukumbuka."

Stoo! Miaka tisa alikaa stoo akigawa chaki na mafagio, akisoma vitabu vya elektroniki nyuma ya rafu ya karatasi. Miaka tisa kabla mtu hajagundua kwamba kila feni ya chuo iliyokuwa ikifa ilifufuka ikipitia mikononi mwake. Kurudi kule ilikuwa kama kumwambia mpishi arudi kuosha sufuria. Na zaidi ya yeye, kulikuwa na wale ishirini na nne. Bila chumba hicho, wangemaliza mwaka wakiijua mikrokontrola kwa picha ya kitabuni.

Jioni hiyo, akimenya viazi nyumbani, alikumbuka kisanduku cha baba yake, na kisu kikasimama katikati ya kiazi. Kwani kwa nini tunaazima vyombo kwa mwenye nyumba?

Kesho yake alimfuata Bwana Nywila.

"Nikija na kila kitu changu kwenye flashi," alisema, "mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, programu, kila kitu, kompyuta ikaamkia kwenye flashi badala ya diski yako, utakuwa na neno?"

Bwana Nywila alikuna kidevu. "Yaani diski yangu itakuwa imelala?"

"Fofofo. Hata haitaota."

"Ukichomoa flashi?"

"Kama hatukuja."

"Sawa. Lakini sikia, Shangazi. Siku mfumo wako ukigusa diski yangu, hata kwa ncha ya kidole, mchezo umekwisha." Kisha akazunguka mashine zote ishirini na nne, moja moja, kuziruhusu ziwake kwa flashi, akiandika nywila kwa mkono mmoja na kuifunika kibodi kwa mwingine, kama mtoto anayeficha majibu ya hesabu.

Hapo kazi ikaanza. Alichukua mfumo wa bure, ule ambao waliouandika wamekuruhusu kuunakili na kuubadilisha upendavyo, akauweka kwenye flashi moja na kuanza kuupunguza mwili. Michezo, nje. Programu za muziki, nje. Kisha akaingiza vyombo: programu ya kuandikia maagizo, ya kuyatuma, mifano ishirini, vitabu vya bodi. Akaweka ruhusa ili mfumo usiulize maswali kila bodi ikichomekwa. Akatenga nafasi ambapo kazi ya mwanafunzi itabaki hata kompyuta ikizimwa, maana kusahau kulikuwa kumetosha. Kwenye nyaraka za mfumo iliandikwa kwamba flashi ipewe jina, naye hakufikiri mara mbili. Akaandika KISANDUKU.

Kazi yote hiyo aliifanyia kwenye laptop yake ya zamani, mezani nyumbani, Jumamosi na Jumapili mchana, Kimulimuli akiwa mjaribu mkuu. Mara ya kwanza mfumo uliamka bila kibodi. Mara ya tatu uliamka ukidhani ni usiku wa miaka mingi iliyopita. Mara ya saba uliamka vizuri, programu ikafunguka, na kitaa kikakonyeza.

"Dakika nne!" Kimulimuli aliruka na kiti chake. "Shangazi, dakika nne kutoka kuwasha!"

"Zima. Rudia."

Walirudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja kikakonyeza. Basi Shangazi akanakili flashi ishirini na nne, akazichambua na kebo pia. Unajua kuna kebo zinazopitisha umeme tu, hazibebi ujumbe? Kwa macho zinafanana kama pacha. Alizijaribu zote, na kila nzima akaipaka kidoa cha rangi nyekundu ya kucha. Hapo ndipo kile kichupa kinapofanyia kazi.

Alitaka kujaribu maabara Jumatano, lakini Jumatano chumba kilikuwa na mtihani wa darasa jingine. Haidhuru, alijisemea, mara kumi na moja si mchezo.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mapema kabla ya kipindi cha saa nne, wanafunzi walichomeka flashi zote kwa majaribio. Kompyuta ishirini na nne zilipiga mlio mmoja. Menyu ikatokea kwenye vioo vyote, imeandikwa KISANDUKU kwa herufi nzuri, na darasa likapiga makofi. Wakabonyeza. Vioo vikawa vyeusi. Mistari myeupe ikashuka haraka haraka, kisha ikasimama. Kimya. Kila kioo kilikuwa na mstari uleule wa mwisho: mfumo ulikuwa ukitafuta mafaili yake na hauyaoni.

"Labda zinafikiri," alisema Mwalimu, kijana mwenye moyo mwema, ila siku hiyo kijasho chembamba kilikuwa kikimtoka puani.

Hazikuwa zikifikiri. Dakika tano, dakika kumi. Mwanafunzi mmoja nyuma akasema, "Jamani, mimi mbona nimeanza kuipenda asilimia sitini na mbili."

Bwana Nywila, aliyekuja kutazama, alisogea kwenye kioo, akasoma, akasimama wima ghafla. "Shangazi! Hii inabisha hodi kwenye diski yangu!"

"Haiwezekani."

"Soma mwenyewe! Imekwenda diski ya kwanza. Diski ya kwanza ni ya kwangu!"

Alisoma. Kweli. Kwenye maagizo ya kuwashia, Shangazi alikuwa ameandika kwamba mafaili yako kwenye diski ya kwanza. Mfumo ulikwenda diski ya kwanza, ukaulizia vitu vyake, ukaambiwa hapa si kwako, ukasimama mlangoni. Haukuwa umegusa kitu. Lakini kwa nini nyumbani ulifaulu mara kumi na moja? Laptop nayo si ina diski? Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika arobaini. Alijiona stoo, ufunguo wa kabati la chaki mkononi. Mganga hajigangi, husema watu, na mganga huyu hata alipoumia alikuwa hapaoni.

"Nileteeni laptop yangu," alisema. "Iko kwenye begi, chini ya dawati langu."

Kimulimuli aliinama, akaivuta, akainuka nayo. Akaipima mkononi. Akaipima tena.

"Shangazi, hii laptop mbona nyepesi hivi? Yangu ni kama tofali."

"Ni kuukuu hiyo, imekonda."

"Laptop inakonda?" Kimulimuli akaigeuza juu chini. Macho yakamtoka. "Shangazi. Diski yake si ulinipa mimi?"

Darasa zima liligeuka.

"Mwaka jana, yangu ilipokufa wiki ya mtihani! Ulifungua hii hapa, ukatoa diski, ukaniwekea. Ukasema, 'Chukua, mimi nitatumia flashi.' Hukumbuki?"

Hakukumbuka! Alikuwa amempa mtoto wa kaka yake diski ya laptop yake na akaisahau kabisa, kama mtu anavyosahau alimwazima nani mwavuli. Tangu siku hiyo laptop ilikuwa tupu tumboni. Ndani yake flashi haikuwa na mwenzake, kwa hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, daima. Huku maabara kila kompyuta ilikuwa na diski yake, na flashi ilikuwa mgeni wa pili.

Shangazi alianza kucheka. Alicheka mpaka bisibisi zikagongana mfukoni, na Mwalimu akamtazama kwa hofu.

"Nimemwelekeza mgeni kwa kuhesabu nyumba," alisema akifuta macho. "Nyumba ya kwanza, ingia. Na mtaa mwingine nyumba ya kwanza ni ya Bwana Nywila! Mgeni huelekezwa kwa jina. Na jina ninalo. Nimelibandika mwenyewe."

KISANDUKU. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza, limekaa pale, hakuna aliyeambiwa alitumie. Mstari mmoja tu wa kubadilisha: usitafute diski ya kwanza, tafuta inayoitwa KISANDUKU, popote ilipo. Alimtazama Bwana Nywila. "Hivyo haitakuja kwako tena. Hata ikipotea njia."

Bwana Nywila alivuta pumzi. "Moja," alisema. "Nionyeshe moja kwanza."

Alirekebisha moja kwenye laptop, akaichomeka kwenye kompyuta ya mbele. Menyu. Giza. Mistari myeupe, mistari, mistari, halafu dirisha jeupe safi, na vyombo vyote vimepangwa. Bwana Nywila aliangalia diski yake: imelala fofofo. Akajikohoza. "Endelea."

Alirekebisha moja baada ya nyingine, Kimulimuli akizipanga kama mikate: zilizoiva kulia, mbichi kushoto. Lakini laptop ilikuwa mzee, ikisoma kila flashi kwa kutafakari, na Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kuwahi. Saa nne kasoro dakika kumi viatu vyake vilisikika kwenye korido. Zilizoiva zilikuwa kumi na tano.

"Tisa mbichi, Shangazi," Kimulimuli alinong'ona.

"Gawa zote."

"Na mbichi?"

"Na mbichi. Wataziivisha wenyewe."

Mkuu aliingia, miwani juu ya paji. Aliangalia darasa, akavuta kiti kilichokuwa wazi. Mwanafunzi wa dawati lile alikuwa mgonjwa nyumbani. "Leo sitasimama," alisema. "Nami nipeni hicho kitaa." Akanyoosha mkono kwenye meza, akachukua flashi iliyokuwa karibu. Kulikuwa na marundo mawili. Akachukua kushoto.

Kimulimuli alifumba macho.

"Sikilizeni wote," Shangazi alisema. "Baadhi ya flashi zina kosa. Kosa ni langu. Menyu ikitokea, msibonyeze kuingia. Bonyezeni herufi E, mtaona maagizo. Pale palipoandikwa diski ya kwanza, futeni, andikeni jina kama nilivyoliandika ubaoni. Ukiona jina tayari lipo, wewe una bahati, endelea."

Mkuu alishusha miwani machoni. Alitafuta herufi E kwenye kibodi kwa kidole kimoja, kama anayetafuta nyota fulani angani. Akafuta. Akaandika K. Akaandika I. Darasa zima liliandika kwa macho pamoja naye. Akabonyeza. Giza, mistari myeupe, dirisha.

"Eh!" alisema Mkuu wa chuo, mwenye umri wa miaka hamsini na minane.

Upande wa dirishani kitaa cha kwanza kikakonyeza. Kisha cha pili, cha tano, vitatu kwa pamoja. Mwanafunzi yule wa nyuma alisimama juu ya kiti na Mwalimu akasahau kumkemea. Kufika saa nne na dakika ishirini na mbili, bodi ishirini na tatu zilikuwa zikikonyeza chumba kizima. Ya ishirini na nne, ya Mkuu, ilikuwa imewaka tu. Haizimi. Inamkodolea macho.

Shangazi alisogea. Akasoma maagizo: sawa. Akaangalia bodi: sawa. Akafuata kebo kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta kidoa chekundu. Hakikuwepo.

"Mkuu, samahani. Kebo hii umeitoa wapi?"

"Mfukoni. Ya simu yangu. Yenu naona fupi."

Wale waliojua walizuia kicheko kwa mikono miwili. Shangazi akampa kebo yenye kidoa. Mkuu akayatuma maagizo tena. Kitaa kikazima. Kikawaka. Kikazima.

Mkuu alivuta kiti mbele. Halafu alisogea karibu zaidi na kioo. "Hapa kwenye muda, palipoandikwa elfu moja," aliuliza polepole, "nikiandika mia mbili?"

"Jaribu, Mkuu."

Alijaribu. Kitaa kikaanza kukonyeza haraka haraka, na Mkuu akacheka kicheko ambacho chuo hakikuwahi kukisikia. Aliendelea kubadilisha namba mpaka kengele ya mwisho wa kipindi ikalia. Wanafunzi walichomoa flashi, wakatia mifukoni, kompyuta zao zikazimwa zikiwa hazikumbuki lolote, kama alivyoahidiwa Bwana Nywila. Mkuu alikuwa bado amekaa.

"Mkuu, kipindi kimekwisha," alisema Mwalimu.

"Ngoja kwanza, najaribu hamsini."

Alipoinuka hatimaye, alifika mlangoni akasimama. "Wa uchapaji nitawatafutia chumba kingine," alisema. "Na Shangazi, hii flashi nitakaa nayo mpaka Jumatatu." Viatu vyake vikasikika vikiondoka, halafu vikarudi. "Na kebo."

Mwalimu naye akaondoka, chumba kikabaki na watu watatu. Bwana Nywila alikuwa akizungukazunguka, akigusa kiti hiki na kile. Mwishowe akasema, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Hivi mtu akitaka nakala moja, ya kuangalia tu nyumbani, anaomba kwa maandishi?" Shangazi alichovya mkono mfukoni, katikati ya bisibisi, akamtupia moja. Aliidaka, akatoka haraka kabla mtu hajacheka.

Kimulimuli alikuwa ameishika laptop, bado anaipima. "Shangazi, nikurudishie diski yako? Nitanunua nyingine taratibu."

"Kaa nayo," alisema Shangazi Bisibisi. "Ikirudi humu, nitasahau kwamba ipo, na nitakosea kitu kingine."

Akaipachika laptop kwapani, nyepesi kama sinia, akafunga mlango wa maabara kwa ufunguo, akautia ufunguo mfuko wa juu, pamoja na ile bisibisi nyembamba kuliko zote. Getini mzee alimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Unataka kuona kitaa kinachokonyeza?"